Bati mnalong'oa ndilo linalopoza injini

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, nataka kuongelea jambo linaloua injini za watu huku kwetu na wenye injini wanaamini kabisa kwamba ndio wanaziokoa. Naongelea vile vitrekta vidogo vya zamani, vya bustani, vinavyoingia mtumba kutoka Marekani, Uingereza na Japani, vingine vina miaka 40 mpaka 50 na bado vinapiga kazi, utavikuta vinafyeka nyasi za mahoteli huku Raskazone na njia ya Pangani, kwenye viwanja vya mpira vya shule, na kule Muheza kwenye machungwa vinapita katikati ya mistari ya miti. Mimi kazi yangu ni injini ndogo, jenereta, pampu za maji na hivi vitrekta, kwa hiyo haya ninayoandika sijasimuliwa.

Ikifika kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, jua la Tanga limekaza na hata upepo wenyewe una joto, vitrekta vinaanza kuchemsha. Asubuhi injini inapiga kazi vizuri, ikifika saa nne hivi nguvu inapungua, inakohoa, inazima, ukisubiri ipoe inawaka tena kama haikuwa na shida yoyote. Na dawa ya mtaani ni ile ile, vua boneti. Tatizo likiendelea, vua na yale mabati yanayozunguka injini, eti ipate hewa. Mwenye kitrekta anaiona injini iko uchi, upepo wa bahari unapita, roho yake inatulia. Baada ya muda injini inanoki, yaani inakufa kabisa, na anaambiwa basi tena, ilishazeeka hiyo.

Jamani haikuzeeka, imeuliwa.

Naomba nieleze taratibu maana hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Vitrekta vingi vya Marekani vya zamani, Cub Cadet ambazo zilianza kutoka 1961, John Deere 110 ya 1963, Wheel Horse na wenzao, vinatumia injini za Kohler, Briggs & Stratton au Tecumseh ambazo hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na hewa tu. Na hewa yenyewe sio hii inayopita pita nje, ni ile inayosukumwa na feni ambayo imeungana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Ukiangalia mbele ya flaiwili utaona kuna wavu, hewa inaingilia pale, mapanga ya flaiwili yanaisukuma, halafu lile bati linaishika isitoroke, linaipeleka mpaka kwenye silinda na silinda hedi, kile kifuniko chake cha juu, ipite katikati ya zile mbavu mbavu nyembamba, ibebe joto, itokee upande wa pili. Ukitoa bati, feni bado itazunguka na kelele ya upepo utaisikia, ila upepo unatawanyika pembeni na kwenye mbavu haufiki. Watu hiyo kelele ndiyo inayowadanganya. Injini ikiwa wazi upande mmoja inapata kaupepo kidogo, upande wa pili, hasa ule wa valvu ya eksozi inayotoa moshi, hakuna kitu kabisa, na pale ndipo pana moto kuliko kote.

Na joto sio dogo. Katika petroli inayoungua kwenye injini za aina hii, inayogeuka kuwa nguvu ya kufanyia kazi haifiki hata theluthi moja, kinachobaki chote ni joto, sehemu inatoka na moshi na sehemu lazima itolewe na hewa kupitia hizo mbavu. Hakuna njia nyingine. Oili inasaidia kidogo lakini nayo ikishachemka inakuwa nyepesi kama maji, inaacha kulinda, ringi zinakwanguliwa na moshi wa bluu unaanza.

Kwa hiyo tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Boneti ni lile funiko kubwa la nje. Bati la injini ni lile limefungwa na bolti kwenye injini yenyewe. Boneti unaweza kulivua na injini isife, japo nalo lina kazi zake nitakazosema, lakini bati la injini usilitoe hata kwa kazi ya nusu saa. Vile vibati vidogo vya pembeni ya silinda ambavyo fundi akishusha injini hua anaviona havina maana anavitupia kwenye kopo la bolti, navyo ni sehemu ya njia ya hewa. Kimoja kikikosekana hewa inatokea pale pale na haiendi mbele.

Tukija kwenye kulitoa bati, kuna wakati linatakiwa kutolewa kweli, nao ni wakati wa kusafisha. Vitabu vya injini hizi hua vinasema kila masaa 100 ya kazi fungua mabati usafishe, na kwenye vumbi au nyasi kavu fanya mapema zaidi. Sisi huku ni vumbi na nyasi kavu mwaka mzima ukitoa masika, kwa hiyo hayo masaa 100 tuyasahau, tufungue mapema. Injini niliyofungua juzi ilitoka shamba la machungwa, ukiitazama nje inang'aa, mwenyewe anaiosha kila jioni, nikatoa bati nikakuta nyasi zimeshikana na oili iliyovuja kwenye mfuniko wa valvu zimekuwa kama kipande cha jamvi, zimeziba mbavu zote za upande wa ndani, nimezitoa na bisibisi kipande kwa kipande. Chini yake kulikuwa na viota vya nyigu wa udongo, udongo umeshaiva umekuwa tofali. Gaskiti ya silinda hedi imeungua pale pale karibu na valvu ya eksozi na hedi yenyewe ya alumini imepinda. Hedi iliyopinda kidogo inanyooshwa, unaweka karatasi ya msasa juu ya kioo kinene unaisugua mpaka uso wote uguse sawasawa, kazi ya subira lakini inakubali. Iliyopinda sana hapo ni kutafuta nyingine, na spea za hizi injini Tanga hazipatikani kirahisi, unaagizia Dar au unasubiri meli.

Na kuosha kwa maji ya presha wakati nyasi zimejaa ndani ni kuzigandisha zaidi. Tumia brashi ngumu na kijiti cha mbao, piga kompresa kutokea upande ambao hewa hua inatokea ili uchafu urudi njia uliyojia, mafuta ya taa kwenye brashi kwa ajili ya oili iliyoganda, halafu acha ikauke kabisa kabla hujawasha. Kingine, msizipake rangi hizo mbavu. Naona injini zinapigwa rangi ya mafuta nzito nzito ili kitrekta kionekane kipya kikauzwe bei nzuri, ile rangi inaziba nafasi kati ya mbavu na inashikilia joto ndani.

Sasa boneti. Nimesema injini haifi kwa kukosa boneti lakini kwenye baadhi ya vitrekta kuna kipande cha sponji au mpira kinachokaa kati ya boneti na bati la injini, kazi yake ni kutenganisha hewa baridi inayoingia na hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye silinda. Hicho kipande ndio cha kwanza kuoza na hakuna anayekikumbuka. Kikishaisha, hewa ya moto inazunguka chini ya boneti inarudi tena kwenye wavu wa flaiwili, injini inavuta moto wake wenyewe, inaendelea hivyo mpaka inazima. Hapo fundi akivua boneti kweli kitrekta kinapata nafuu, na ndio chanzo cha watu kuamini kwamba kuvua ndio dawa. Dawa ni kukirudisha kile kipande. Godoro la sponji ngumu linafaa kwa muda ila mpira wa mlango wa gari uliokatwa vizuri unadumu zaidi. Wale wenye vitrekta vya miaka ya 1970 ambavyo vina milango ya pembeni, kiwandani walivifunga hivyo kupunguza kelele, kabla hujatoa hiyo milango angalia kwanza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, na uangalie njia ya kutokea haijazibwa na nyasi au na tangi la ziada ambalo mtu amelichomelea mwenyewe.

Wakati boneti linatakiwa kuwa wazi ni ukishazima. Ukizima feni inasimama lakini chuma bado kina moto na joto lote linapanda juu kwenye kabureta, koili inayotoa umeme wa cheche na mipira ya mafuta. Kwa hiyo kabla ya kuzima ondoa mzigo, zima visu, acha izunguke dakika mbili tatu feni iendelee kupoza, ndio uzime, halafu fungua boneti. Halafu hili la resi naomba madereva wanisikilize vizuri. Wengi wanafyeka na resi nusu wakidhani wanaionea huruma injini na kubana petroli. Feni iko kwenye flaiwili, injini ikizunguka taratibu na upepo unapungua wakati mzigo wa nyasi uko pale pale. Hizi injini zimetengenezwa kufanya kazi kwenye mizunguko mpaka 3600 kwa dakika, ukiwa unafyeka weka resi juu, kama nyasi ni ndefu punguza gia na pandisha visu, kata mara mbili.

Eksozi nayo ina lawama zake. Original ilikuwa na kibati cha kukinga joto kisiende kwenye kabureta na tangi, ikishaoza na kutu, na kutu la huku na hii chumvi ya baharini mnalijua, inachomelewa bomba fupi lolote lile na kinga hairudishwi. Nimeona bomba limeelekezwa kwenye betri. Tengenezeni kinga, ni bati tu, lakini lisigusane na eksozi, acha nafasi ya hewa kama sentimita moja, na ukiweka mabati mawili yenye nafasi katikati inakuwa bora zaidi kwa sababu ile hewa ya katikati ndiyo inayozuia joto. Kuna watu wanazungushia kamba au vipande vya asbesto vya mabati ya zamani, hapo nawaomba sana waache, vumbi la asbesto linaharibu mapafu na madhara yake yanakuja baada ya miaka mingi. Na nyasi kavu zinazorundikana juu ya eksozi zinashika moto, kitrekta kinaungua na shamba linaungua.

Kuhusu kuzima ikipata moto, sio kila mara injini yenyewe ndiyo imechemka. Petroli inaanza kutoa mvuke kwenye joto dogo tu, kuanzia nyuzi 35 hivi zile sehemu zake nyepesi zinachemka, kwa hiyo mpira wa mafuta ukipita karibu na silinda au eksozi unajaa mvuke na kabureta inakosa mafuta. Hamisha mpira upite mbali. Kwenye baadhi ya injini kati ya kabureta na injini kuna kipande kinene cheusi cha plastiki ngumu, kile ni cha kuzuia joto, kikipasuka msikichongee cha alumini kama ninavyoona, alumini inapitisha joto lote. Angalia pia kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi, kikiziba injini inazima kwa mtindo huo huo na watu wanalaumu joto. Upande mwingine ni koili na kondensa, zikichoka zinafanya kazi zikiwa baridi, zikipata moto cheche inapotea. Namna ya kutofautisha ni kukagua cheche pale pale ilipozima kabla haijapoa, ila funga mafuta kwanza na plagi unayopimia uiweke mbali na tundu na mbali na kabureta. Kama cheche ipo, fuata mafuta. Kama haipo, koili. Na ukiitoa plagi itazame, ikiwa nyeupe ujue injini inaungua kwa moto mkali, hewa nyingi mafuta kidogo, inawezekana gaskiti ya kabureta inavuta hewa. Ikiwa na rangi ya kahawia uko sawa.

Vitrekta vya Kijapani vingi ni dizeli na vina rejeta, hivyo habari yake ni fupi. Mbele ya rejeta panajaa mbegu za nyasi, safisha kila siku ya kazi. Lile duara la plastiki linalozunguka feni lirudisheni, bila hilo feni inazungusha hewa ile ile. Msitoe thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, mkadhani mnasaidia, na mfuniko wa rejeta uwe wa presha yake sahihi kwa sababu presha ndiyo inayofanya maji yasichemke mapema. Maji ya visima vyetu hapa Tanga mengi yana chokaa na mengine chumvi, kila mwenye birika nyumbani anaona linavyojaa ukoko, na ndani ya injini ni hivyo hivyo. Weka kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, na kama unachanganya tumia maji ya mvua. Mfuniko msifungue injini ikiwa ya moto, unaunguza uso.

Ndugu Mhariri, nina maombi matatu na yote yanawezekana. La kwanza kwa wanaoagiza na kuuza hivi vitrekta. Vinashushwa vikiwa na mabati pungufu, yalivuliwa huko yalikotoka au yamevuliwa njiani kupunguza nafasi, na mnunuzi haambiwi. Kuuza injini ya hewa bila bati lake ni sawa na kuuza pungufu, iandikwe kwenye risiti kwamba kimeuzwa hivyo na bei ishuke. La pili kwa walimu wa VETA na vyuo vingine vya ufundi, vijana wakija kufanya mazoezi kwetu wanajua rejeta vizuri lakini injini ya hewa wengi hawajawahi kuelezwa njia ya hewa inavyopita, na pikipiki, jenereta, pampu na vitrekta vingi ni hewa, hizo ndizo watakazokutana nazo mtaani. Na kwako Mhariri, mkiandika habari za kilimo kwenye gazeti mkaweka picha ya kitrekta, tafuteni chenye mabati yake yote, mkulima anaiga anachokiona.

Kwa aliyekwisha kupoteza bati lake, linatengenezeka. Kata kwanza katoni ulijaribishe mpaka likae, ndio uhamishie kwenye bati gumu la geji (kipimo cha unene) 16 au 18, liikaribie mbavu bila kuigusa, likae mbali na flaiwili kiasi cha kutosha lisikwaruze injini ikitikisika, na wavu wa mbele usiusahau maana bila wavu feni inameza nyasi. Pindo zote ziwe za kukunja sio kuacha makali, bati linalotetemeka linajikata lenyewe. Hata hivyo la kiwandani ni bora, na yapo, yanaozea kwenye yadi za chuma chakavu. Mimi nikiliona lililo zima nalinunua hata kama injini yake sina, maana mwenye injini hua anafika siku moja analitafuta.

Fundi injini ndogo,
Makorora, Tanga.